Umar bin Abdulaziz: Khalifa Aliyerudisha Dhuluma

Kila Ijumaa, khatibu anapokaribia kumaliza hotuba ya pili, aghalabu husoma aya ya tisini ya Surat An-Nahl, ile inayoamrisha uadilifu na hisani na kuwapa jamaa haki zao. Tumeizoea aya hiyo hata wengi wetu huisikia kama ishara tu kwamba iqama imekaribia. Ni wachache wanaojiuliza ni nani aliyeiweka pale, na kabla yake palikuwa na nini. Palikuwa na matusi. Kwa miaka mingi katika mimbari za dola ya Bani Umayya alikuwa akilaaniwa Sayyidna Ali bin Abi Talib, mkwewe Mtume (S.A.W.), na waumini wameketi wakisikiliza. Aliyeyafuta matusi hayo na kuiweka aya mahali pake ni Khalifa Umar bin Abdulaziz, naye mwenyewe alikuwa mtoto wa Bani Umayya hasa, si wa pembeni.

Wengi wamekwisha kumsimulia kama mcha Mungu aliyevaa kanzu yenye viraka. Habari hizo ni za kweli, lakini mimi hunivutia upande mwingine wa maisha yake. Huyu ni mtu aliyekabidhiwa dola kubwa iliyojaa mali na haki za watu zilizochukuliwa kwa nguvu, akaanza kuuliza maswali matatu: nani ameumizwa, amepotelewa na nini, na ni juu ya nani kulipa. Leo wanasheria wanayo elimu nzima inayosimama juu ya maswali hayo. Husema kwamba hukumu haikamiliki kwa kumfunga mkosa peke yake, bali aliyeumizwa asikilizwe, kilichoharibika kitengenezwe, na watu waweze kuishi pamoja tena. Wanavyuoni wa zamani walikuwa na jina lao la jambo lililo karibu na hilo: raddul-madhalim, yaani kurudisha dhuluma kwa wenyewe.

KITUKUU CHA UMAR WA KWANZA

Alizaliwa mnamo mwaka 61 wa Hijra, sawa na mwaka 680 au 681. Baba yake, Abdulaziz bin Marwan, alikuwa liwali wa Misri kwa miaka ishirini. Mama yake, Ummu Asim, alikuwa mjukuu wa Khalifa Umar bin Al-Khattab. Wasomaji wengi watakuwa wanaijua hadithi ya binti aliyekataa kutia maji katika maziwa usiku, mama yake alipomwambia Khalifa hayuko kuwaona, na jinsi Sayyidna Umar aliyekuwa akipita aliyasikia yale akamwoza binti yule kwa mwanawe Asim. Bibi huyo wa maziwa ndiye bibi yake mzaa mama.

Alipokuwa mdogo alipigwa teke na mnyama usoni, likambakia kovu maisha yake yote. Alisomeshwa Madina, kwa wanavyuoni walioijua Sunna kwa kuipokea kwa watoto wa Masahaba. Mwalimu wake Ubeidullah bin Abdallah alipopata habari kwamba kijana anamsema vibaya Sayyidna Ali kama walivyokuwa wakifanya jamaa zake, alimgeuzia uso, kisha akamwuliza amepata wapi kwamba Mwenyezi Mungu aliwakasirikia watu wa Badr baada ya kuwawia radhi. Kijana aliomba msamaha na hakurudia tena. Tendo la mimbarini alilolifanya ukubwani mbegu yake ilipandwa hapo darsani.

Lakini tusimfanye walii tangu utotoni. Ujana wake aliupitisha katika raha. Alijipaka manukato ambayo watu waliyatambua kabla hawajamwona, alivaa nguo za thamani kubwa, na mwendo wake wa maringo uliigizwa na wasichana. Alimwoa Fatima, binti wa Khalifa Abdulmalik, na ndugu wanne wa bibi huyu walikuja kuwa makhalifa. Mwaka 87 wa Hijra (706) shemeji yake, Khalifa Walid, alimfanya liwali wa Madina. Aliifanya kazi vizuri: alikusanya wanavyuoni kumi akawafanya baraza lake la shauri, na aliusimamia ujenzi wa kuupanua Msikiti wa Mtume.

DAMU YA KHUBAIB

Hapo Madina, mwaka 93, palitokea jambo ambalo waandishi wengi wa sira fupi hulipita upesi. Mimi naona kwamba bila ya hilo hatumfahamu mtu huyu.

Palikuwa na mtu mcha Mungu aitwaye Khubaib, mtoto wa Abdallah bin Zubeir ambaye Bani Umayya walimwua Makka. Khubaib alisema maneno ambayo watawala hawakuyapenda, ikamfikia habari Walid huko Sham. Ikaja amri kwa liwali wa Madina: Khubaib apigwe mijeledi na amwagiwe maji baridi. Umar alitii. Mtu yule alipigwa, akamwagiwa maji asubuhi ya siku ya baridi kali, akasimamishwa mlangoni mwa msikiti. Akafa.

Liwali angeweza kusema kwamba amri haikuwa yake, na kwa sheria ya dola ile hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alipoletewa habari za kifo alianguka chini. Mwaka ule ule alitoka katika uliwali, maana Hajjaj bin Yusuf wa Iraq alikuwa amemshitaki kwa Walid kwamba watu wanaoikimbia dhuluma yake hupata hifadhi Madina. Umar aliondoka mjini akiwa mtu mwingine. Imepokewa kwamba hata baadaye, alipokuwa Khalifa na watu wakimbashiria mema kwa kazi zake, jawabu lake lilikuwa kuwauliza itakuwaje habari ya Khubaib. Na imepokewa pia kwamba aliwagawia jamaa za marehemu mali kwa ajili ya dia yake.

Dia haimfufui mtu. Umar alilijua hilo kuliko yeyote, na ndiyo sababu malipo hayakumnyamazisha. Mtu aliyepata kuwa na damu ya mtu mkononi kwa kutii amri, halafu akapewa yeye kuamrisha, aliyajua maumivu ya dhuluma kutoka upande ambao watawala hawapendi kuutazama.

WASIA ULIOFUNGWA

Mwaka 99 wa Hijra, sawa na 717, Khalifa Suleiman bin Abdulmalik aliugua huko Dabiq, kaskazini ya Sham. Mshauri wake Raja bin Haiwa, mwanachuoni aliyekuwa akiaminiwa, alimshauri amwachie ukhalifa binamu yake Umar. Wasia ukaandikwa, ukapigwa muhuri, na ukoo wote ukatakiwa ule kiapo kwa jina lisilojulikana. Suleiman alipokufa barua ikafunguliwa. Hisham, nduguye marehemu, alipinga, na Raja akamtishia. Ama Umar, miguu yake haikumbeba kwenda mimbarini mpaka akashikwa mkono. Hapo mimbarini aliwaambia watu kwamba jambo hili amepewa bila ya rai yake na bila ya shauri lao, na kwamba amewavua kiapo wachague wamtakaye. Wakapaza sauti kwamba wanamtaka yeye.

Aliletewa vipando vya kifalme akavikataa, akapanda baghala wake. Vile vipando viliuzwa na fedha ikatiwa katika Baitul-mali.

Baada ya maziko alikuwa amechoka, kwani usiku hakulala, akataka kupumzika kidogo mpaka Adhuhuri. Mwanawe Abdulmalik, kijana ambaye hajafika miaka ishirini, akaingia akamwuliza vipi analala kabla hajarudisha dhuluma za watu. Baba akasema atasali Adhuhuri kisha ataanza. Kijana akamwuliza ni nani aliyemdhamini kwamba ataishi mpaka Adhuhuri. Umar alimwita karibu, akambusu katikati ya macho, akatoka bila ya kulala, akaamuru mpiga mbiu atangaze: mwenye kudhulumiwa aje.

MKASI WA KHALIFA

Sasa tazama alivyoanza. Hakuanza kwa kukamata watu. Alianza kwa mali iliyokuwa mikononi mwake mwenyewe. Aliketi msikitini pamoja na Muzahim, huria wake na mwandani wake, na kapu la hati za mashamba aliyorithi au kupewa na makhalifa waliotangulia. Muzahim alisoma hati moja moja, na Umar akizichukua akizikata kwa mkasi, mpaka sala ya Adhuhuri ikaadhiniwa. Alifikia hata kukitazama kito cha pete yake, akakumbuka kwamba alipewa na Walid kutokana na mali iliyoletwa kutoka Maghribi, akakitoa. Shamba la Fadak, ambalo babu yake Marwan alilifanya mali ya nyumba, alilitoa akalirudisha katika njia yake ya wakati wa Mtume (S.A.W.). Muzahim alimkumbusha watoto wake watakula nini. Machozi yalimtoka, akasema anawaachia Mwenyezi Mungu. Imepokewa kwamba pato lake la mwaka lilikuwa dinari 40,000 alipoingia, na lilikuwa dinari 400 alipokufa.

Kisha akaingia ndani kwa mkewe. Fatima alikuwa na kito ambacho baba yake, Khalifa Abdulmalik, alimpa, kisichokuwa na mfano wake. Umar alimpa hiari: akirudishe Baitul-mali, au amruhusu waachane, kwani hawezi kuwa na kito kile chini ya dari moja. Fatima akamchagua mumewe.

Baada ya hapo ndipo alipokwenda kwa jamaa zake, na hapo ndipo joto lilipopanda. Alikuja mzee mmoja wa Hims, dhimmi, nywele zake zote nyeupe, akashitaki kwamba Abbas, mtoto wa Walid, amemnyang'anya ardhi. Abbas alikuwapo barazani. Akaulizwa, akasema ardhi ile alipewa na baba yake Khalifa Walid na anayo hati yake. Mzee akasema anataka hukumu ya Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Umar akasema Kitabu cha Mwenyezi Mungu kinastahiki zaidi kufuatwa kuliko hati ya Walid, akamwamuru Abbas airudishe ardhi.

Sisi watu wa Pwani habari ya hati hatuhitaji kufafanuliwa. Tunajua kwamba karatasi inaweza kuwa halali kwa muhuri na ikawa dhuluma kwa asili yake. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake mwaka 2013, malalamiko ya ardhi ya Pwani yalikuwa sehemu yake kubwa. Ninayoyaona katika kisa cha mzee wa Hims ni mambo mawili: kwamba aliyeshitakiwa aliketi palepale akaulizwa mbele ya mshitaki wake, na kwamba hakimu hakuiacha karatasi imalize maneno.

Katika ushahidi pia alikuwa na njia yake. Alijua kwamba mnyonge aliyenyang'anywa shamba na liwali miaka ishirini iliyopita hana mashahidi waliobaki, wala hakuandikiwa risiti. Kwa hivyo aliridhika na dalili ndogo. Akiijua sura ya dhuluma, huirudisha bila ya kumtaka mwenye haki ushahidi wa kukata. Huko Iraq malipo yalikuwa mengi hata hazina ya nchi ikaisha, ikabidi fedha ichukuliwe kutoka Sham. Na aliandika tangazo likasomwa wakati wa Hija kwamba atakayesafiri kuleta habari ya dhuluma atapewa kati ya dinari 100 na 300 kwa kadiri ya umbali wa safari yake. Fikiria serikali inayomlipa nauli mtu anayekuja kuishitaki!

KANISA LA DAMASCUS NA MJI WA SAMARKAND

Kuna visa viwili ninavyovipenda kuliko vyote, kwa kuwa ndani yake haki haikuwa nyepesi.

Khalifa Walid alipojenga Msikiti Mkuu wa Damascus alilichukua kanisa la Yohana akalitia ndani ya msikiti. Wakristo walikuwa na mkataba wao wa tangu mji ulipofunguliwa. Umar aliposhika ukhalifa walimwendea, naye akamwandikia liwali wake awarudishie sehemu yao. Waislamu wa Damascus walifadhaika: je, wauvunje msikiti wao baada ya kuadhini na kusali ndani yake? Miongoni mwao walikuwamo mafakihi. Badala ya kupigana na amri ya Khalifa, walikwenda wakakaa na Wakristo wenyewe. Nje ya mji, katika bonde la Ghuta, yalikuwako makanisa mengi yaliyochukuliwa kwa nguvu wakati wa vita na yakawa mikononi mwa Waislamu. Wakawaambia: tutakupeni makanisa yote ya Ghuta, nanyi mtuachie dai la kanisa la Yohana. Wakristo wakaridhika na kulipenda shauri hilo. Khalifa akaandikiwa, akafurahi, akalipitisha.

Angalia kwamba amri ya Khalifa haikutekelezwa kama alivyoiandika. Ilichofanya ni kuwalazimisha wenye nguvu waketi na wasio na nguvu. Bila ya amri ile, Wakristo wasingepata hata kiti cha mazungumzo. Nimehudhuria vikao kadhaa vya suluhu mitaani kwetu, vya ndugu wanaogombea minazi ya urithi na majirani wanaogombea ukuta, na aghalabu nimeona kosa ni lile lile: wazee humwomba anayelia anyamaze kabla ya kumtaka aliyechukua arudishe, wakaiita hali hiyo suluhu.

Kisa cha pili ni cha mbali zaidi. Watu wa Samarkand walipeleka ujumbe kwamba jemadari Qutaiba bin Muslim, alipouchukua mji wao mwaka 93 (712), aliingia kwa hila na akawaweka Waislamu ndani. Qutaiba mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Umar aliandika achaguliwe kadhi awasikilize. Kadhi, Jumai bin Hadhir, akahukumu kwamba Waislamu watoke mjini, wakae katika kambi zao, na mambo yaanze upya sawa kwa sawa: ama mapatano mapya, ama vita. Wenyeji walikaa wakashauriana. Walikwisha kuchanganyika na watu hawa, na vita vipya visingewaletea ila kilio kipya. Wakasema wameridhika, mambo yabaki yalivyo.

Mtu anaweza kusema basi hukumu haikubadilisha kitu, kwani wale wale walibakia pale pale. Mimi sikubali. Kabla ya hukumu watu wa Samarkand walikuwa wametekwa, na baada yake walikuwa wamekubali. Na mwenye kukubali ndiye mwenye kuwa na uwezo wa kukataa.

Mengine nitayataja kwa haraka. Wakristo wa Najran walikuwa wakilipa nguo 2,000 kila mwaka kwa mkataba wa zamani. Walimwambia kwamba wamepungua, akawahesabu, akakuta wamebaki sehemu moja katika kumi, akawatoza nguo 200. Huko Maghribi, wanawake wa kabila la Lawata walikuwa wamechukuliwa na kufanywa masuria. Aliamuru kila aliye na mmoja wao ama amwoe kwa ruhusa ya baba yake, ama amrudishe kwao. Waliosilimu aliwaondolea jizya ambayo maliwali walikuwa wakiendelea kuwatoza kwa kuogopa hazina itapungua. Liwali wa Khurasan alipomwandikia kwamba watu wake hawatengenezwi ila kwa upanga na mjeledi, alijibiwa kwamba amesema uwongo, watu hutengenezwa kwa uadilifu na haki. Na liwali wa Mosul, mji uliojaa wezi, alipouliza kama awakamate watu kwa dhana, aliambiwa awahukumu kwa ushahidi. Alifuata, na mji ule ukawa miongoni mwa miji yenye wizi mchache.

Sisemi kwamba alifika kila mahali. Hakuuondoa ufalme wa ukoo, na wasio Waislamu walibakia katika daraja ya chini yenye masharti yake. Pia aliogopa kwenda mbio. Mwanawe Abdulmalik alimsukuma ayatengeneze yote kwa siku moja. Alimjibu kwamba hata pombe Mwenyezi Mungu aliiharimisha hatua kwa hatua, na kwamba watu wakibebeshwa haki yote kwa mara moja wataitupa yote kwa mara moja. Sijui kama naweza kumlaumu kwa hilo. Kijana alikufa kabla ya baba yake, na baba akamzika kwa mikono yake.

SHANGAZI NA DINARI YA MOTO

Jamaa zake walikasirika. Mashamba yalikuwa yamekwenda, na posho nono zilikatwa. Walimtuma shangazi yao Fatima binti Marwan, mama mzee ambaye hakuna aliyethubutu kumkalia kinyume. Umar alimkaribisha kwa heshima zote. Kisha akaitisha dinari, jiko la makaa na kipande cha nyama. Akaitia dinari motoni mpaka ikawa nyekundu, akaiweka juu ya nyama, ikachoma na kutoa moshi. Akamwuliza shangazi kama hamwonei huruma mwana wa nduguye na mfano wa moto huu. Bibi huyu alirudi kwa waliomtuma akawaambia kwamba kosa ni lao wenyewe: walioa katika nyumba ya Umar bin Al-Khattab, na mtoto alipomfuata babu yake, sasa wanalalamika.

Ninaposoma kisa hiki hufikiria desturi yetu ya kuombana radhi. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, au mtu akiwa anakwenda Hija, hupita mlango hata mlango akiomba asamehewe, na watu humsamehe palepale kwa uso mkunjufu. Ni desturi nzuri, na Mungu asituondolee. Lakini mashekhe wetu wametufunza tangu chuoni kwamba toba ya haki ya mtu haitimii mpaka kwanza haki irudi kwa mwenyewe, au yeye aisamehe kwa hiari baada ya kujua ni nini anachosamehe. Mwenye shamba la yatima mkononi akipita akisema nisameheni nilipokukoseeni, hajamwambia yatima kitu. Umar hakuwazungukia watu wa Hims na Najran akiwaomba radhi. Aliuliza ni kipi chao.

Hata Khawarij, walioasi Iraq na ambao makhalifa wengine wangewapelekea jeshi tu, alimwandikia kiongozi wao amtumie watu wajadiliane. Walikuja wawili. Wakazungumza naye mengi, na mengi akawashinda kwa hoja. Lakini walipomwuliza kwa nini anakubali kwamba baada yake dola aishike shemeji yake Yazid, hali anajua hafai, aliomba siku tatu afikiri. Habari zikatoka nje. Jamaa waliona sasa si mashamba tu, hata ufalme utakwenda.

SUMU

Haukupita muda mrefu akaugua. Imepokewa kwamba alijua ametiliwa sumu. Alimwita mtumwa wake aliyempa kinywaji, akamwuliza nini kilichompelekea kufanya vile. Mtumwa akasema amepewa dinari elfu moja na ameahidiwa kuwa huru. Umar akamwamuru azilete. Zilipoletwa, akaamrisha zitiwe katika Baitul-mali, akamwambia mtumwa aende zake mahali ambapo hakuna atakayemwona.

Nimesoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara hustaajabia kwamba hata kitandani hakusahau hesabu: fedha ilirudi mahali pake kwanza, ndipo mtu akaachiliwa. Hakutaka kujua zaidi ni nani aliyezitoa, au pengine alijua. Mtumwa yule alikuwa amenunuliwa na watu wenye uwezo, kama yeye mwenyewe alivyokuwa mkono wa mtu mwenye uwezo zaidi, Madina, siku ya Khubaib. Hilo la kuvilinganisha visa viwili ni langu mimi, wapokezi hawakulisema.

Alifariki mwezi wa Rajab mwaka 101, sawa na Februari 720, mahali paitwapo Deir Sim'an katika nchi ya Sham, na umri wake ulikuwa haujafika miaka arubaini na kitu kwa hesabu ya Hijra, au ndio kwanza umeifikia. Alitawala miaka miwili na miezi mitano hivi. Kiwanja cha kaburi alikinunua kutoka kwa dhimmi mwenye ardhi, aliyetaka kumpa bure, naye akakataa ila kwa kulipa. Miaka thelathini baadaye Bani Abbas walipoipindua dola waliyafukua makaburi ya makhalifa wa Bani Umayya. La kwake waliliacha. Katika vita vya Syria vya zama zetu halikuachwa: mwaka 2020 zilitoka picha za ziara yake karibu na Maarrat al-Numan ikiwa imechomwa na kaburi limefukuliwa.

Yazid aliposhika ukhalifa aliyarudisha mengi kama yalivyokuwa, na Fadak ikarejea mikononi mwa Bani Marwan. Akamwendea na dada yake Fatima, mjane wa Umar. Kile kito kilikuwa bado kimo katika Baitul-mali, hakijaguswa, na Yazid alitaka kumrudishia. Fatima alimwambia kwamba hakuwa mtu wa kumtii mumewe akiwa hai na kumwasi akiwa maiti. Yazid akakichukua, akawagawia wake zake.